"Subiri moja": muhula mmoja wa mwanangu kwenye klabu ya densi

Nilimwandikisha mwanangu wa darasa la tatu kwenye klabu ya densi ya shuleni kwa sababu isiyohusiana na densi hata kidogo: siku hizo mbili za wiki nachelewa kutoka kazini. Mwenyewe hakutaka. Ni mtoto wa kujificha nyuma ya mlango wageni wakipiga hodi.

Kipindi ni dakika 45. Kumi za kwanza ni za kupasha mwili moto, na mwalimu hana mchezo nazo: aliyechelewa anapasha peke yake pembeni ndipo aingie mstarini. Kisha hesabu, moja hadi nane, halafu moja tena. Miguu kwanza, bila muziki, mikono baadaye. Siku moja nikiwa benchini nilijaribu kupeleka mguu wa kushoto mbele na mkono wa kulia juu kwa pamoja. Nilishindwa, na hapo nimekaa.

Kilichonifanya niandike ni neno moja la mwalimu huyo. Mtoto akipotea hatua haruhusiwi kusimama wala kuchungulia miguu ya jirani. Anaambiwa, "Subiri moja." Yaani chezesha mabega tu, hesabu ipite, ikirudi moja ingia. Wiki tatu za mwanzo mwanangu akikosea alikimbilia chupa yake ya maji. Wiki ya nne alibaki mstarini. Na juzi, akinisomea kitabu kwa sauti, alikwama kwenye neno refu. Zamani angekifunga. Safari hii aligonga meza kwa kidole, akavuta pumzi, akaanza sentensi upya.

Afya je? Jasho naliona, na usingizi wa siku hizo hauna ubishi. Ila tusidanganyane: Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Vipindi viwili havifiki hata robo ya dakika 420 za wiki. Mpira na kukimbizana viendelee.

Sasa kasoro. Sakafu ni saruji tupu, na kurukaruka juu yake si rafiki wa magoti. Spika inapiga kelele mno kwa chumba kile. Kilichoniudhi zaidi ni maonyesho ya mwisho wa muhula: yalimeza wiki nne nzima, hakuna hatua mpya, watoto walewale wanne mbele. Nilimwomba mwalimu azungushe mistari. Alizungusha mara mbili, ikasahaulika.

Nyota nne kati ya tano. Muhula ujao zamu yangu kazini imebadilika, naweza kumchukua mapema. Nilipomwambia, aliuliza nani basi atasimama pale pake, mstari wa tatu, karibu na dirisha. Nimeshajaza fomu.