Krenkibeti inaogelea vizuri, kipete chake takataka (uzoefu wangu)

Wakuu, nimejizuia kuandika hii kitu kwa muda maana nilijua nikiandika nina hasira nitatukana mtu. Sasa hasira zenyewe naona haziishi, basi acha niandike hivyo hivyo.

Naongelea zile krenkibeti, yaani chambo bandia chenye umbo la kisamaki, za ulimi wa mraba (kile kibapa cha mbele ya mdomo), fupi nene, za kuvulia besi, yule samaki mwindaji wa ziwani, kwenye kina kifupi. Kampuni siitaji, anayezitumia ataelewa. Uzito, urefu, inazama kiasi gani, hayo yote yameandikwa kwenye boksi, kasome mwenyewe. Mimi shida yangu ni kipete. Kile kiduara cha waya kinachoshikilia ndoana ya tumboni, kadude kadogo ambako ukikadondosha kwenye majani hukaoni tena. Kamenikosesha samaki wa maana, na nilipouliza nikajibiwa kama mtoto.

Sifa zake kwanza, maana sifa inazo na sitaki mtu aje aseme nina chuki. Inaogelea jamani. Ukiitupa ukaanza kuzungusha rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, inashuka kidogo halafu inaanza kukata kiuno, unausikia mtikisiko mpaka kwenye mpini wa fimbo. Tena moja kwa moja kutoka kwenye boksi, haivuti kushoto wala kulia, wakati kuna za watu wengine lazima kwanza ushike kile kijicho cha kufungia mshipi kwa koleo, ukipinde kidogo sana kuelekea upande unaotaka iende, ndo inyooke. Hii hapana, inanyooka yenyewe.

Na ikigonga kisiki hainasi kirahisi. Ule ulimi wa mraba ndo unatangulia, unagonga, chambo kinaruka pembeni, ndoana zinabaki nyuma ya mwili zimejificha. Hapo ndo penyewe sasa. Besi, huyu wa mdomo mpana, ni mviziaji, anajibanza ubavuni mwa mti uliozama, kivulini, anasubiri kitu kipite. Chambo kinachopita katikati ya maji matupu kwa mwendo mmoja anakitazama tu kinaenda zake. Kikigonga mti kikayumba, anakibeba kabla hajafikiria. Kwa hiyo mimi natupa kukipita kisiki, nakokota mpaka nasikia tak kwenye fimbo, nasimamisha rili kidogo, chambo kinaanza kuelea kwenda juu matako mbele, halafu naanza tena. Mara nyingi anapigia pale pale unapoanza tena. Watu wengi wanakokota mwanzo mwisho mwendo mmoja, wanakwepa visiki eti wasipoteze chambo, halafu wanarudi wanasema ziwa limekwisha. Gonga vitu bana. Chambo cha namna hii ambacho hakigongi kitu umekitupa bure.

Haya, tukio lenyewe. Ilikuwa ule msimu maji yanaanza kupoa, vidagaa vinasogea kwenye kina kifupi na besi wanavifuata huko huko, yaani wakati wake kabisa wa krenkibeti. Kulikuwa na mti umeangukia majini, matawi mengi yamezama, maji yana tope kiasi. Nikatupa kwa nyuma, nakokota, tak, nikasimama, nikaanza tena, na fimbo ikawa nzito ghafla. Wasiomjua huyu samaki wanadhani atang'ata na kuvuta, hapana, besi anafungua lile domo ghafla na maji yote yanaingia na kilichomo, na asipokipenda anakitema haraka hivyo hivyo. Ndo maana kwa krenkibeti natumia fimbo laini inayopinda, ukitumia fimbo ngumu unamnyang'anya kabla hajafumba mdomo. Kwa hiyo sikukurupuka, niliacha fimbo ipinde yenyewe, na akawa amekaa.

Akaruka. Mwili wote nje ya maji, anatikisa kichwa, nikauona ule mstari mweusi ubavuni na nikajua huyu sio wa kila siku. Breki ya rili ilikuwa imelegea vizuri, akitaka kukimbia anakimbia, mshipi unatoka, nampa, namrudisha, nampa, namrudisha. Mikono inatetemeka sidanganyi. Akafika karibu kabisa, namwona, chambo kinaning'inia kwenye shavu, ndoana ya tumboni ndo imemshika. Akageuza kichwa mara moja tu. Chambo kikarudi kwa kasi kikapita karibu na sikio langu.

Nikakivuta nikakiangalia. Mshipi haujakatika. Fundo liko vile vile nilivyolifunga. Ndoana ya nyuma ipo, haina hata mkwaruzo. Ya tumboni haipo, na kipete chake kimefunguka, zile duru mbili za waya zimeachana kabisa, ncha moja imetokeza nje imenyooka, na pale kilipopindia ile rangi ya kung'aa imepukutika, ndani waya wa kijivu mwembamba mwembamba ambao nilipoukandamiza kwa kucha ulirudi nyuma. Kwa kucha! Kitu cha kushikia samaki unakikunja kwa kucha!

Na kinachoniuma zaidi sio picha niliyokosa. Samaki kaondoka na ndoana ya ncha tatu mdomoni. Mimi huwa navua naachia, na vile vimiba vya ndani ya ndoana navibonyeza kwa koleo kabla sijatupa, kwa hiyo nina imani aliitikisa ikatoka. Ila mwingine asiyebonyeza je?

Sasa njoo kwa huduma kwa wateja, ambapo ndo hasa pamenifanya niandike. Nikapiga picha kipete, karibu, kinaonekana kabisa kilivyoachia, nikawatumia na maelezo ya kistaarabu. Jibu likaja, "Ndugu mteja, pole kwa usumbufu. Bidhaa zetu hupimwa kwa viwango vya juu. Vipete hufunguka kutokana na matumizi ya nguvu kupita kiasi." Sawa. Nikaeleza fimbo laini, breki legevu, mshipi wa fluorokaboni, sio hata ule wa kusuka ambao hauvutiki kabisa, na kwamba mshipi mwenyewe haujakatika, sasa hiyo nguvu ya kupita kiasi ilipitia wapi mpaka ikaukwepa mshipi na fundo ikaenda kufungua waya? Kimya kidogo. Halafu akaandika hivi, nanukuu kutoka kwenye simu yangu: "Ndugu mteja, una uhakika alikuwa samaki na siyo kisiki?"

Kisiki.

Kisiki kinaruka nje ya maji kinatikisa kichwa? Nilikaa na ile simu mkononi sijui nijibu nini. Mtu hajawahi kuniona, hayupo pale, ananiuliza kama najua tofauti ya samaki na gogo. Nikajibu kwa adabu, "Ndugu yangu, nilimwona kwa macho yangu." Akaweka kale kauso ka kutabasamu, halafu, sikilizeni hii, akanitumia punguzo la kununua rangi mpya. Rangi mpya! Nimelalamikia waya ananiuzia rangi.

Na hapa ndo nimegundua tatizo lao liko wapi. Hela yote imeenda kwenye rangi. Wana rangi mpaka unachoka kushuka chini kuzitazama, magamba yamechorwa moja moja, macho yana kiini na mboni, kaa wa mtoni mwenye miguu iliyotiwa kivuli, yaani mtu kakaa akachora miguu ya kaa. Wakati besi mwenyewe ana vipokezi vya rangi viwili tu machoni, cha nyekundu na cha kijani, cha bluu hana. Nyekundu na kijani anazitofautisha safi, ila bluu iliyokoza na nyeusi zinamchanganya, na ile njano kali ya kijani na nyeupe nazo vile vile. Kwa hiyo unanunua boksi la rangi nane, kwake yeye nusu zinakaribiana. Sisemi rangi haina kazi, ina kazi yake. Maji safi weka zinazofanana na samaki wa pale, maji ya tope weka kali au nyeusi aone umbo, na kwenye tope hasa mtikisiko na mlio vinamfikia kuliko rangi, maana anasikia mitetemo kwa ule mstari wa hisia wa ubavuni. Basi. Rangi tatu zinatosha. Hizo nyingine zimetengenezwa kumnasa mvuvi.

George Perry alimtoa besi wa zaidi ya kilo 10 kule Georgia, Marekani, mwaka 1932, kwa chambo bandia, enzi ambazo hakuna aliyekuwa anachagua kati ya rangi arobaini, na rekodi ile ya dunia ya uzito wa besi haijapitwa. Imefikiwa tu, na Manabu Kurita, Ziwa Biwa kule Japani mwaka 2009, na huyo alitumia samaki hai, hakutumia hata kipande cha plastiki. Lakini kipete kikiachia hata rangi ya dhahabu haikusaidii.

Kuna atakayesema si ubadilishe vipete mwenyewe, mbona kila mtu anabadilisha. Najua. Nimebadilisha. Nimeweka vya waya mnene na ndoana mpya, na hapo ndo utaona utamu wa hii biashara, chambo kinachoelea ukikiongezea chuma tumboni hakielei tena kama zamani. Kile kitendo nilichosema, kugonga, kusimama, chambo kinaanza kupanda, sasa kinapanda polepole sana, nusu ya muda kinabaki pale pale kinaduwaa, na kiuno kimepungua. Wakati mwingine hiyo ni nzuri, maji yakiwa baridi besi mvivu anapenda kitu kinachoduwaa, lakini sikununua hicho, nilinunua kinachopanda. Nikahangaika mpaka nikapata kipete chembamba kidogo cha chuma kizuri ambacho hakifunguki, na mwendo ukarudi karibu wote. Kwa hiyo inawezekana! Kipete imara chenye uzito ule ule kipo! Walichagua tu kutokiweka!

Kwa muda nilikasirika nikaacha krenkibeti zote nikarudi kwenye mnyoo wa plastiki kwa mtindo wa Texas, chubwi ya risasi mbele, ndoana moja imefichwa ndani ya plastiki, hakuna kipete, hakuna cha kuachia. Unausukuma chini kwenye matawi, unainua ncha ya fimbo taratibu, unauacha ushuke, na macho yako kwenye mshipi, maana mara nyingi anauchukua ukiwa unashuka na unachoona ni mshipi unaenda pembeni tu. Unakamata sana, na wala sikatai kwamba kwa mtu anayeanza ningemwambia aanze na huo, na alfajiri atupe kitu cha juu ya maji, chura wa plastiki kwenye majani, asikilize mlipuko na asivute mpaka ausikie uzito wa samaki. Lakini mnyoo ni kazi ya subira na mimi subira ilikuwa imeishia kwenye chati na yule ndugu wa kisiki.

Na nitasema kitu ambacho hakiendani na hasira zangu. Nikirudi kwenye maji yenye visiki, mkono wangu unaenda kwenye ile ile. Nimejaribu za bei ya juu, za bei ya chini, za mbao, hakuna inayogonga mti na kuruka vile. Mwili wake aliyeuchonga anajua besi, nampa heshima zake zote, sijui kama amewahi kukutana na anayenunua vipete, naona wanakaa majengo tofauti.

Kwa hiyo ununue au usinunue? Nilitaka kusema usinunue. Ukinunua, siku ile ile, kabla hata hujaifunga kwenye mshipi, toa vipete vyote viwili utupe, usiseme nitabadilisha kesho. Halafu jaribu kwenye maji ya karibu uone kama bado inapanda ukisimamisha rili. Ikipanda, utafurahi, utanitafuta unishukuru. Ila ukiwa mtu wa kununua kitu na kukitumia kama kilivyo, kama ambavyo binadamu wote wanatarajia kitu kilichouzwa kiwe kimekamilika, achana nayo kabisa, hawastahili hela yako.

Nilikuwa nimeweka nyota tatu. Nimerudi kusoma yale mazungumzo ili ninukuu vizuri, nimefika pale kwenye kisiki na kale kauso ka kutabasamu, nimeshusha hadi mbili. Zote mbili ni za ule ulimi wa mraba. Kipete sifuri, huduma kwa wateja ningeweka chini ya sifuri ila mfumo umegoma.