Injini ya Land Cruiser yangu imeoshwa Gungu: tope la njia ya Kalya limetoka, umeme umebaki salama

Mwenye gari inayopita njia ya Simbo, Ilagala hadi Kalya kipindi hiki cha mvua, akiniuliza aoshee wapi injini, ninamwelekeza Gungu bila kusita. Hapa Kigoma mjini kuna wanaotoza nusu ya bei. Mimi nimelipa shilingi 30,000 bila kinyongo, tena nitarudi. Banda lenyewe ni la mabati, halina hata bango, lakini ukiuliza madereva wa mizigo pale Gungu watakupeleka.

Gari yangu ni Land Cruiser ya mkonga, lile bomba refu la kuvutia hewa juu, injini 1HZ, dizeli ya silinda sita, lita 4.2. Ninabeba bidhaa za madukani kwenda vijiji vya kusini. Mkonga unaokoa eakilina, chujio la hewa ya injini, isivute maji ukivuka dimbwi, lakini tope haulizuii, kwa sababu tope linaingilia chini. Tairi za mbele zinalirusha, feni inalisambaza, na ukifika nyumbani ukafungua boneti unakuta limeganda kwenye altaneta inayochaji betri, kwenye stata, kwenye mikanda na nyuma ya rejeta. Udongo wa bonde la Malagarasi ni mfinyanzi, ukikauka juu ya injini yenye joto unakuwa kama tofali. Hapo ndipo mshale wa joto unapoanza kupanda mlimani, mkanda unapiga kelele asubuhi, na mafuta yakivuja huoni yanatokea wapi.

Watu wengi wanadhani kuosha injini ni kufungua boneti, kuelekeza mashine ya presha, basi. Jirani yangu alioshewa hivyo mahali fulani, injini ikiwa imetoka safari na bado inaunguza. Gari iliwaka, ikaenda kidogo, taa ya chaji ikawaka. Altaneta ilipofunguliwa kwa fundi umeme, ndani kulikuwa na uji wa tope. Maji ya presha hayakuliondoa, yalilisukuma ndani zaidi, na gharama ya fundi ilikuwa mara nyingi ya bei ya kuosha.

Vijana wa Gungu jambo la kwanza walilofanya ni kukataa kuanza. Mkubwa wao aliweka kiganja karibu na manifoldi ya ekzosi, chuma cha kutolea moshi, akakirudisha haraka. "Kaka, hii bado ya moto. Kaa kivulini kwanza, tukimwaga maji sasa hivi chuma kinaweza kupasuka." Wameifungua boneti, wakaiacha. Nimekunywa chai, nimepiga simu zangu zote, ndipo wakaanza. Chuma chenye joto kali kikimwagiwa maji ya baridi kinajikunja ghafla, na mvuke wake unaunguza mikono ya anayeosha. Nilifurahi kuona hata usalama wao wenyewe wanaujali.

Kisha wakashika spana, wakatoa waya hasi wa betri, wa kwanza kutoka na wa mwisho kurudi. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, inapiga cheche. Altaneta wakaivisha mfuko wa plastiki na kuufunga kwa mpira, kisanduku cha fyuzi vivyo hivyo, na soketi zilizo wazi zikafungwa moja moja. Wamehakikisha kifuniko cha mafuta ya injini, cha mafuta ya breki na dipstiki vimekaza. Sehemu ya mbele yenye kava la taiming beliti hawakuielekezea maji kabisa, wameifuta kwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu kava lile linazuia vumbi, halizuii maji yanayolazimishwa.

Kazi yenyewe ni ya mikono. Tope kavu wamelibandua kwanza kwa vipande vya mti na brashi, bila maji. Wamefungua hadi bamba la kinga chini ya injini, na hapo ndipo niliposhangaa: udongo uliokuwa umelala juu ya bamba ulijaza karai. Uzito wote huo nilikuwa ninausafirisha, na joto la injini lilikuwa halina pa kutokea chini. Lililobaki wamelirowesha kwa ndoo na sponji, wakaliacha lilainike lenyewe. Penye mafuta wamepaka dawa ya kuondoa grisi inayochanganywa na maji, wakasugua kwa brashi laini, wakasuuza kwa hosipaipu ya kawaida yenye maji ya taratibu. Hakuna petroli wala dizeli iliyotumika, na hili ninalisisitiza kwa sababu bado kuna wanaooshea hivyo. Petroli inashika moto, na dizeli inaharibu mipira na mabomba ya injini.

Rejeta ndiyo iliyonishawishi kabisa. Vile vibati vyake vyembamba vikilala, hewa haipiti, na mashine ya presha inavilaza kwa mpigo mmoja. Kijana aliingiza hosipaipu upande wa injini, akayatoa maji kuelekea mbele, kinyume na njia tope lilivyoingilia. Yalitoka mekundu kwa muda mrefu. Kila alipodhani amemaliza, mwenzake aliweka tochi nyuma, yeye akachungulia mbele. Pasipopita mwanga alirudi palepale. Wamerudia hadi mwanga ukapita rejeta nzima. Sijawahi kuona mwosha magari akikagua kazi yake namna ile.

Mwisho wamevua mifuko, tope la altaneta wakalitoa kwa brashi kavu na upepo mdogo wa kompresa kwa mbali, wakapuliza na soketi. Betri ikarudishwa, injini ikawashwa na kuachwa iungurume taratibu boneti ikiwa wazi, joto lake likamalizia kukausha. Mkanda kimya. Na kwa kuwa injini imekuwa safi, tumeona wote kwamba tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, inatoa jasho la mafuta upande wa nyuma. Hawakujifanya mafundi, wamenionyesha tu na kuniambia nimpelekee fundi wangu. Gasketi imebadilishwa. Safari iliyofuata ya Kalya, kwenye milima ileile, mshale wa joto ulikaa mahali pake.

Kasoro zipo. Muda ni wa kwanza: jiandae kuacha gari nusu siku, na mvua ikinyesha kazi inasimama kwa sababu banda halina sehemu ya kutosha ya kuegesha ndani. La pili linaniuma zaidi. Mji wetu umeteremkia ziwani, na maji yanayotoka pale yanafuata mfereji. Grisi nzito wanaidaka kwa maranda ya mbao chini ya gari na kuyazoa, hilo nimeliona na ninawapongeza, lakini maji ya dawa bado yanapita. Wanahitaji shimo la kuyachuja. Ziwa Tanganyika ndilo linalotupa dagaa na migebuka, na wengi wanachota humo maji ya nyumbani. Nimemwambia mwenye banda uso kwa uso, akasema shimo analipanga. Ninamwomba asichelewe.

Kama gari yako ni ya kisasa zaidi, zile V8 za dizeli au Prado zenye kompyuta ya injini na soketi kila kona, waambie kabla hawajaanza na usimame karibu. Injini yangu ya zamani inavumilia mengi ambayo hizo hazivumilii. Za petroli nazo, maji yakituama kwenye mashimo ya plagi injini inamisi, kwa hiyo sisitiza wayapulize kwa kompresa.

Nenda asubuhi mapema, gari ikiwa imelala nyumbani, injini imeshapoa na foleni bado fupi. Osha bodi kwingine ukitaka, maana kazi ya bodi wanaifanya kawaida tu. Injini wapelekee wao.