Mfugaji wa paka wa Kiajemi, Nakuru: bei yake inalipia nini

Anayetafuta mtoto wa paka wa Kiajemi kati ya Nakuru na Kisumu hukutana na bei za aina mbili. Kuna wa wiki sita, anayetangazwa kwa picha za simu, na kuna wa wiki 13 ambaye bei yake ni mara kadhaa ya huyo. Tunayempima hapa ni muuzaji wa aina ya pili: mfugaji mdogo pembezoni mwa mji wa Nakuru, mwenye majike wawili na dume mmoja, kila jike akizaa mara moja tu kwa mwaka. Ni ghali, lakini bei yake ni ya haki.

Sehemu kubwa ya pesa huisha kabla mtoto hajazaliwa. Paka wa Kiajemi hurithi ugonjwa wa vifuko vya maji kwenye figo, unaotokana na kasoro ya jeni ya PKD1. Nakala moja ya kasoro yatosha, kwa hiyo mzazi mmoja aliye nayo huipitisha kwa takriban nusu ya watoto wake, na dalili huchelewa miaka kadhaa, paka akiwa tayari ameshazaa. Hapa wazazi wote watatu wamepimwa: kijiti cha pamba hupanguswa ndani ya shavu, hukaushwa, kisha hutumwa maabara ng'ambo. Mnunuzi huonyeshwa vyeti bila kuomba, na chipu ya kila mzazi, kidude chenye namba kilichopachikwa chini ya ngozi, husomwa kwa mashine mbele yake ili namba zilinganishwe. Hilo la chipu tunalithamini kuliko yote, kwa sababu cheti kisicho na namba chaweza kuwa cha paka yeyote. Kabla ya kupandisha hupimwa pia damu kwa virusi vya FeLV (vya leukemia ya paka) na FIV (vya kudhoofisha kinga ya paka).

Gharama ambayo wanunuzi hawaioni ni ya kumpumzisha jike. Joto la paka, yaani kutaka dume, hufuata urefu wa mchana, na kwetu karibu na ikweta mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima. Jike asiyepandishwa anaweza kurudi joto kila baada ya wiki mbili au tatu, Januari hadi Desemba. Kumpumzisha kunadai chumba tofauti cha dume, na macho makali kwa usaha kwenye mji wa mimba: jike anakunywa maji kupita kiasi, anakataa chakula, na tumbo linavimba. Tiba ya uhakika huwa ni upasuaji, na kizazi chake kimekwisha.

Mimba huchukua siku 63 hadi 65. Vichwa vya Waajemi ni vikubwa, kwa hiyo pesa za upasuaji wa uzazi huwekwa kando mapema. Jike akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, ni kwenda kwa daktari hata kama ni saa nane usiku. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na baridi ya Julai huua vichanga. Sanduku la hapa lina mkeka wa umeme chini ya nusu moja tu, ili mwenye kuona joto ahame, na chupa za maji moto zilizofungwa taulo zikisubiri stima ipotee. Kichanga aliyepoa hupashwa joto polepole kwanza ndipo anyonyeshwe, kwa sababu tumbo baridi halisagi maziwa. Maziwa ya ng'ombe hayatumiki, protini yake haifiki nusu ya maziwa ya paka.

Daftari la uzito ndilo lililotushawishi. Kila mtoto ana uzi wa rangi shingoni, na hupimwa asubuhi kwa mizani ya gramu. Safu ya uzi mwekundu inasomeka 96, 108, 120, 121, 134. Hiyo 121 imezungushiwa kalamu, na pembeni pameandikwa saa alizoongezwa maziwa ya unga. Mtoto huyo angeachwa siku mbili zaidi, angeweza kufa.

Kisha zinakuja wiki ambazo muuzaji wa bei nafuu anakuachia wewe. Watoto wanne kutoka wiki ya nane hadi ya 13 hula takriban kilo saba za chakula kikavu cha watoto. Chanjo ya pamoja (sindano moja ya kinga ya magonjwa kadhaa ya paka) mara mbili na ya kichaa cha mbwa mara moja ni dozi 12 kwa uzao huo, ukiacha dawa za minyoo zinazoanza wiki ya tatu. Uliza bei ya dozi moja kwa daktari wako wa mifugo, uzidishe.

Mapungufu yapo. Kundi la damu halipimwi, ilhali jike wa kundi B akipandishwa na dume wa kundi A, maziwa yake ya kwanza yanaweza kuua watoto wa kundi A. Mkataba unataja kuhasi na kufunga kizazi bila kusema nani analipa. Na wanaopeleka paka Kisumu hawapewi maelezo yoyote kuhusu joto la ziwani, wakati pua fupi na manyoya mazito haviwezi safari ya matatu ya mchana. Safiri alfajiri, na ukifika weka miadi ya dozi ya chanjo ya pamoja ya wiki ya 16; hiyo haimo kwenye bei.