Fundi wa DC nyuma ya soko la Mbuyuni, Moshi: bei imechangamka, kazi ipo

Kwa wenye raki (makabati ya chuma) za mitambo ya mtandao Moshi na Arusha mnaohangaika kupata mtu wa kuwaungia umeme wa DC, ule wa mkondo mmoja kama wa betri: yupo, ila mfuko ujiandae. Karakana yake haina bango. Ukifika nyuma ya soko la Mbuyuni ulizia "mzee wa betri", wauza vyuma watakuelekeza. Simu usimpigie, hapokei.

Mimi nasimamia mitambo ya intaneti hapa mjini. Tulimwita atuungie ruta mpya ya volti 48 hasi, yenye njia mbili za umeme, A na B, ili moja ikizimika nyingine iendelee. Mafundi wa kukaza skrubu wamejaa Moshi nzima. Kwa huyu unalipia ubishi wake.

Ubishi wa kwanza ulikuwa wa breka. Bosi alishanunua zile za kawaida za nyumbani, mzee akazikataa palepale. Volti za umeme wa nyumbani hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche ndani ya breka hupata nafasi ya kuzimika. DC haina pumziko hilo. Breka isiyotengenezwa kwa DC inaweza kufunguka na cheche ikaendelea kuwaka humohumo. Bosi alinuna, lakini breka za DC zilifuatwa Arusha, zikaja na basi la jioni.

Kesho yake akavua saa na pete, kisha akanigeukia: "Dada, na hizo bangili weka mbali." Betri nne za volti 12 zilizoungwa mfululizo hazikurushi kama umeme wa ukutani, ila chuma kikilala kati ya chanya na hasi kinageuka moto mkononi mwako. Akazima breka zote mbili, akazibandika utepe ili mtu asipite akaziwasha, akapima. Sifuri. Ndipo akaanza na waya wa ethi. Huo unafungwa kabla ya nyaya za umeme, na siku ya kufungua ndio wa mwisho kutoka. Aliikwangua rangi ya raki mpaka chuma kikang'aa, kwa sababu rangi haipitishi umeme, akafunga lagi (kichwa cha chuma kinachobanwa kwenye ncha ya waya) ya matundu mawili, ile isiyozunguka hata mtu akiukanyaga waya.

Lagi zake anazibana kwa mashine ya haidroliki, si kwa nyundo kama nilivyoona kwingine. Kila moja akishaibana anaivuta kwa nguvu zake zote. Moja ilichomoka mkononi. Akaikata, akabana nyingine, wala hakuongeza bei.

Kilichonimaliza kabisa ni suala la chanya na hasi. Fundi aliyezoea magari anajua hasi ndiyo ya bodi. Mitambo ya simu ni kinyume: chanya ndiyo inayofungwa ardhini, na waya wenye moto ni hasi. Utaratibu huo ni wa tangu enzi za simu za waya, ili nyaya zilizofukiwa zisiliwe na kutu haraka. Kijana wake alishashika waya mwekundu akiupeleka kwa mazoea. "Mwanangu, rangi umeiuliza? Pima." Wakawasha breka ncha zikiwa bado hazijaingia kwenye ruta, multimita ikasoma -54 na ushee, maana betri zilikuwa zinachajiwa. Wakazima tena, wakahakikisha sifuri, ndipo wakafunga.

Njia A ina breka yake na nyaya zake upande wa kushoto wa raki, B kulia. Tukazima A, ruta haikushtuka. Tukairudisha, tukazima B, vilevile. Wateja hawakujua kama kuna kitu kimefanyika.

Lawama zangu sasa. Alichelewa kufika mpaka jua limewaka, na sababu aliyotoa naiacha kama ilivyo. Risiti ya EFD niliidai kama deni la harusi. Na lebo! Kazi safi namna ile, halafu "A" na "B" zimeandikwa kwa kalamu juu ya utepe wa gundi, kwa mwandiko ambao kijana wake mwenyewe alisoma B akasema ni 8. Kwenye chumba chenye joto la mitambo, huo wino haufiki mwakani.

Nyota nne. Ya tano ataipata akinunua mashine ya kuchapia lebo.