Chupa za shingo moja: uzoefu wangu wa mwaka mzima na brandi yangu ya mafuta hapa Dodoma

Nimeona niandike hii maana kila nikimuonyesha mtu bidhaa zangu swali la kwanza sio mafuta yana nini, ni "hizi chupa umezitoa wapi na ulianza na shilingi ngapi". Mimi natengenezea nyumbani Ipagala: mafuta ya ubuyu, mafuta ya nywele ya alizeti, losheni ya mikono na bamu ya midomo ya nta ya nyuki. Mwaka mmoja sasa natumia vifungashio vya seti, yaani zile chupa ambazo ml 50, ml 100 na ml 200 zote zina shingo moja, kwahiyo kifuniko chochote cha seti kinakaa kwenye chupa yoyote. Kwa ujumla wauzaji wa seti nawapa nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja niliyowanyima ntaielezea.

Kabla ya hapo niliteseka jamani. Nanunua chupa duka hili, pampu duka lile, nafika nyumbani pampu inazunguka tu haikazi. Kumbe shingo za chupa zina namba na mimi sikuwa najua. Ukiambiwa 24/410, hiyo 24 ni upana wa shingo kwa milimita, na 410 ni aina ya thredi (ile mistari ya shingoni ya kuzungushia kifuniko), ile inayozunguka mara moja na nusu, wakati 400 inazunguka mara moja tu basi. Ukiziweka chupa mbili mezani, ya 400 na ya 410, kwa macho ya haraka huoni tofauti, ila pampu ya huyu ukimfungia yule mzigo utavuja njiani. Hadi leo nina chupa 180 stoo hazijapata vifuniko, hiyo ni pesa imelala. Na ukienda kwa wauzaji wakubwa unaambiwa kila aina uchukue kuanzia 500, sasa una bidhaa nne, hizo 500 mara nne utazipeleka wapi na hata hujui ipi itatoka?

Hapo ndipo seti iliponiokoa. Nilinunua Kariakoo, nilienda na treni ya SGR asubuhi nikarudi nayo jioni, mzigo nikaupakia kwenye basi nikaupokea kesho yake stendi ya Nzuguni. Nilichukua chupa 200 za ml 100, alafu vifuniko nikachanganya: pampu 60, spreya 40, diski topu (kile kifuniko unachobonyeza upande mmoja tundu linatokea) 60 na ile midomo mirefu iliyochongoka ya mafuta ya nywele 40. Chupa moja inageuka bidhaa tatu tofauti kutegemea umeifunga na nini. Miezi miwili ya kwanza losheni ikagoma kabisa kutoka, ila mafuta ya nywele watu wakayagombania hasa wadada wa chuo cha UDOM wanaosukwa. Zamani ningekaa na chupa za losheni nazitazama. Safari hii nikaziacha pampu kwenye mfuko, nikaongeza midomo mirefu 50 tu na chupa zilezile zikaenda kwenye nywele. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote, maana mtu anayeanza hajui mteja atapenda nini, na mtaji mdogo hausubiri ujue.

Pia meza inapendeza. Nanenane pale Nzuguni niliweka chupa za rangi moja, lebo za muundo mmoja nimebadili rangi ya mstari tu, watu wanasimama wanauliza kama ni kampuni ya Dar.

Sasa nije kwenye joto letu na vumbi letu, maana wanaotengeneza hizi chupa hawakuifikiria Dodoma. Kwanza bamu. Mimi nilidhani kopo ni kopo. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, kwahiyo unaimimina ikiwa ya moto kweli, na makopo ya seti niliyopewa ni PET, ile plastiki ya kung'aa kama kioo. PET ikikaribia nyuzi 70 inalegea. Makopo 30 yalijikunja mbele ya macho yangu nikiwa nimeshayajaza, niliumia sana siku ile. Muuzaji anajua kabisa watu wanatengeneza bamu na hakusema chochote. Bamu na chochote cha kumimina moto omba makopo ya PP, yale yasiyo na mng'ao, yanavumilia. Uzuri ni kwamba vifuniko vya makopo vya seti vilikaa kwenye ya PP vilevile, kwahiyo sikupoteza vyote.

Pili kuvuja. Diski topu haina kile kiduara cheupe cha ndani cha kuziba mdomo wa chupa. Mafuta yakipata jua ndani ya gari yanatanuka, na chupa ikilala ubavu yanajipenyeza taratibu, unafungua katoni unakuta lebo zote zimelowa. Hapa ndipo ile nyota moja ilipoondoka. Nilivyolalamika nikaambiwa "wengine hawajalalamika". Saivi nafunga mafuta kwa kifuniko cha kawaida chenye kiduara, alafu diski topu naiweka pembeni kwenye boksi mteja abadilishe mwenyewe akifika. Hiyo tena inawezekana kwa sababu shingo ni moja.

Tatu, mteja wangu wa Dar alinitumia picha chupa za losheni zimebonyea tumbo akadhani zimetumika. Nilihangaika wiki nzima. Kumbe sisi tuko juu, mita 1,100 na kitu kutoka usawa wa bahari, hewa ninayofungia hapa ni nyepesi, chupa ikishuka pwani hewa ya kule inaibana. Ukiijaza mpaka karibu na shingo inapungua sana, na ukichukua chupa yenye ukuta mnene kidogo ndio imeisha kabisa.

Kingine ambacho hawakuambii, mrija wa pampu unakuja mrefu wa chupa ya ml 200. Ukiweka kwenye ml 100 unapinda unaziba. Kata na mkasi kwa mshazari, uguse chini kabisa, la sivyo losheni inabaki chini na mteja anaona umemuibia. Na losheni ikiwa nzito sana pampu haivuti, sio pampu mbovu, punguza nta.

Lebo usidharau. Za karatasi zikigusana na mafuta zinakuwa kama chapati, chukua za plastiki hata kama bei inapanda kidogo. Mimi naprinti lebo moja kubwa ya brandi, alafu stika ndogo ya nyuma ndio inabadilika: jina la bidhaa, viambato, ujazo, namba ya bachi (mkupuo uliotengenezwa), tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, jina langu na mahali. Wanaoanza wengi wanadhani vipodozi bado viko kwa wale wa dawa, hapana, tangu 2019 vipo TBS, shirika la viwango, na sampuli ukipeleka inapaswa kuwa kwenye kifungashio kinachoeleweka na lebo iliyokamilika. Nendeni pia SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkaulize, mimi kuna mambo ya lebo nilielekezwa pale kwa upole kabisa.

Bei ni kweli iko juu kidogo ukilinganisha chupa kwa chupa. Ila ukihesabu na zile 180 zilizolala stoo, mimi nimeshaacha kulinganisha.

Kitu ambacho sikukitarajia ni marudio. Losheni ya mara ya pili nauza na kifuniko cha kawaida, bei imeshuka, mteja anaosha pampu yake ya zamani kwa maji ya moto, anaikausha vizuri, anaifunga kwenye chupa mpya. Kuna mama mmoja wa Area C juzi kachukua chupa ya nne, pampu ni ileile ya kwanza. Wiki ijayo naagiza tena, chupa 300, pampu 50 tu.