Uzoefu wangu na FamilySearch: kutafuta ukoo wa rubani Eugene Bullard

Ukitaka kufuatilia nasaba ya Mmarekani mweusi aliyezaliwa kabla ya 1900, anzia FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za ukoo. Ni bure kabisa, lakini hata ingekuwa ya kulipia bado ningeipendekeza. Inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na huhitaji kuwa muumini wao. Unafungua akaunti kwa barua pepe, basi, unaanza kazi.

Niliyemtafuta ni Eugene Bullard, rubani wa kwanza mweusi wa Marekani kuruka vitani. Alizaliwa Columbus, Georgia, tarehe 9 Oktoba 1895. Alitoroka kwao angali mtoto, mwaka 1912 akajificha ndani ya meli ya Kijerumani mpaka Scotland, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka 1914 akajiunga na Jeshi la Kigeni la Ufaransa. Alijeruhiwa kwenye mapigano ya Verdun, Ufaransa. Mei 1917 akapata leseni ya urubani namba 6950 ya Aéro-Club de France, akaruka na vikosi vya anga vya Ufaransa, N.93 na N.85. Marekani ilipoingia vitani iliwachukua marubani wenzake weupe, yeye ikamwacha kwa sababu ya rangi yake.

Habari zake za angani zimeandikwa sana. Mimi nilitaka watu wake: baba alizaliwa wapi, babu na bibi walikuwa kina nani, na jina la Bullard liliingiaje katika familia.

Kutafuta kwenyewe ni rahisi. Unaandika jina, mahali na mwaka wa kukadiria, kisha unaacha nafasi ya miaka michache mbele na nyuma. Jaribu majina yote, maana huyu alizaliwa Eugene James na baadaye akajulikana kama Eugene Jacques. Usipoteze muda kutafuta cheti cha kuzaliwa, kwani Georgia ilianza kuandikisha vizazi kwa jimbo zima mwaka 1919. Na sensa ya 1890 karibu yote iliharibika kwa moto uliotokea Washington mwaka 1921, kwa hiyo kutoka 1880 unaruka moja kwa moja hadi 1900.

Lakini hiyo sensa ya 1900! Iliandika mwezi na mwaka wa kuzaliwa wa kila mtu, na kila mama aliulizwa amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Wazazi wa Eugene, William na Josephine, walikuwa na watoto kumi, yeye akiwa wa saba. Kwa familia kama hiyo, safu mbili za namba zinakuonyesha furaha na misiba ambayo hakuna mtu aliyeisimulia.

Kilichonigusa zaidi ni suala la asili ya baba. Masimulizi yanayorudiwa mara nyingi yanaupeleka ukoo huo Martinique, kisiwa cha Ufaransa katika Karibi. Kumbukumbu zinasema vingine. William alizaliwa Stewart County, kusini ya Columbus, kwenye ardhi ya mkulima mkubwa aliyeitwa Wiley Bullard, na wazee wake walikuwa watumwa Georgia na Virginia. Naelewa kwa nini watu walipenda habari ya Martinique, hasa kwa mtu aliyeipenda Ufaransa kiasi kile. Hata hivyo naona ukweli wa Stewart County unampa heshima kubwa zaidi: mtoto wa mtu aliyezaliwa kwenye ardhi ya bwana alifika kwenye usukani wa ndege miaka 14 tu baada ya safari ya kwanza ya ndugu Wright.

Ukirudi nyuma ya 1870 unakuta ukuta. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina watu walioachiwa huru. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina jina la mwenye watumwa, halafu chini yake umri, jinsia na rangi. Majina hakuna. Nilikaa mbele ya kurasa hizo muda mrefu.

Hapo ndipo huduma hii inapozishinda nyingine nilizojaribu, ikiwemo moja ya kulipia. Ina nyaraka za Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali iliyowahudumia walioachiwa huru baada ya 1865. Sasa ina pia njia ya kutafuta ambapo kompyuta inasoma yenyewe mwandiko wa kale kwenye wosia na hati za mashamba. Watumwa walihesabiwa kuwa mali, kwa hiyo majina yao yamo humo, kwenye mirathi ya mabwana zao.

Tahadhari zipo. Mti wa ukoo ni wa pamoja na yeyote anaweza kuuhariri, kwa hiyo uchukue kama fununu, kisha fungua picha ya waraka usome kwa macho yako. Baadhi ya picha hazifunguki ukiwa nyumbani. Ni lazima uende kwenye kituo chao au maktaba inayoshirikiana nao. Na kwa upande wa Ufaransa utahitaji tovuti nyingine, Mémoire des hommes ya wizara ya ulinzi ya nchi hiyo, yenye sehemu maalumu ya watu wa jeshi la anga la vita vile. Nayo ni bure, ila ni ya Kifaransa.

Kwa sasa nimehamia upande wa mama, Josephine Thomas, anayesemekana kuwa na damu ya Wacreek, moja ya mataifa ya Wahindi Wekundu. Orodha maarufu za Dawes, yaani daftari za serikali za watu wa mataifa hayo, hazitegemewi hapa, kwa sababu ziliwahusu waliokwisha kuhamishiwa nchi ambayo leo ni Oklahoma. Kwa hiyo napitia sensa ya 1880, nikiwatafuta akina Thomas nyumba kwa nyumba, pande zote mbili za mto Chattahoochee unaopita Columbus.