Riwaya mpya za vijana maktabani: zipo, ila usianzie kwenye rafu

Mwenye kijana wa sekondari anayependa hadithi, ampeleke maktaba ya mkoa kabla ya kuhangaika madukani. Hapa mjini kwetu maduka ya vitabu yamejaa mitihani iliyopita na majibu yake. Riwaya ukibahatika kuikuta, ni ile ile inayosomwa darasani.

Kazi ni kuzipata. Maktaba yetu ina chumba cha watoto na ukumbi wa wakubwa, mwenye miaka kumi na minne hana kwake. Hadithi zinazomfaa zimetawanyika: nyingine ziko na kina sungura na fisi, nyingine zimezama kule 896.392, namba ya fasihi ya Kiswahili katika mpangilio wa Dewey, zikibanwa na tamthilia na diwani.

Mpwa wangu, yuko kidato cha pili, hahangaiki na rafu. Anakwenda moja kwa moja kwenye toroli la vitabu vilivyorudishwa, pembeni ya kaunta. Anafunua karatasi ya mihuri ya tarehe, ile inayogongwa kila kitabu kinapoazimwa. Mihuri ikiwa mingi na ya karibuni, kitabu ni chake. Ikiwa mmoja tu, wa zamani, anakiacha. Mimi napitia vile alivyovikataa, hasa vya karatasi tupu, kwa sababu kitabu kilichoingia juzi nacho hakina mihuri. Hapo ndipo tumeokota vizuri kuliko vyote.

Alama nyingine ya kutafuta ni nembo ya Tuzo ya Burt, tuzo ya vitabu vya hadithi za vijana, kwenye jalada. Tuzo hiyo ilianzishwa 2008 na shirika la CODE la Canada, na hapa Tanzania ilisimamiwa na Mradi wa Vitabu vya Watoto. Nakala za vitabu vilivyoshinda zilinunuliwa zigawiwe shule na maktaba, ndiyo maana hata mikoani unazikuta. Vingi ni vya Kiingereza, lakini chepesi, na mambo yake ni ya huku huku kwetu. Si vya mwaka huu, sawa. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuvisikia ni vipya.

Kwa Kiswahili, muulizeni mkutubi. Mpwa wangu alimwendea mama wa kaunta, "Shikamoo mama. Kuna cha mapenzi ambacho si cha wakubwa?" Mama akaitikia marahaba, akacheka hadi miwani ikamteleza, akasema kipo ila kimeazimwa, akamwandikia jina kwenye daftari. Kweli alikipata. Huduma ya namna hiyo hakuna programu ya simu itakayokupa.

Kasoro zipo. Vya Kiswahili ni vichache mno kwa nchi inayoongea Kiswahili kutwa. Mfululizo unaweza kuanza na sehemu ya pili, ya kwanza haijulikani ilipo. Riwaya moja ya upelelezi tuliikuta imenyofolewa sura ya mwisho, kwa hiyo pekueni kurasa za nyuma kabla hamjagongewa muhuri. Na meza zote zimekaliwa na wanafunzi wenye madaftari yao, hivyo azima, ukasomee nyumbani.

Kadi yetu ilihitaji fomu, picha za pasipoti na mdhamini. Ada ni ndogo kuliko bei ya riwaya moja dukani. Nendeni jioni, toroli likiwa limejaa.